Kifuniko Nyuma ya Stoo

Kambi ya Mkonge,
Sanduku la Posta 41, Thika.
14 Februari 1956

Dada yangu mpendwa Ndinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watu wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, na natumaini mbu wa Nyanza wamekubakishia damu kidogo. Mama nilimwona Jumapili iliyopita kule Matungulu. Goti lake limepona, au amechoka kulilalamikia, kwa sababu sasa analalamikia mbuzi. Mtoto wa kaka Kimeu ameota jino la kwanza na siku ya ubatizo akamng'ata nalo padre kidole. Mama anasema hiyo ni dalili ya akili.

Huyu anayekukabidhi barua hii anaitwa Barasa. Ni rafiki yangu. Tumefanya kazi pamoja miaka mitatu hapa kiwandani, mimi nikiwa fundi wa mashine na yeye akilisha majani kwenye mashine kubwa ya kukamua mkonge. Ni mtu wa mzaha, anaimba tangu asubuhi mpaka filimbi ya kutoka. Utaona mwenyewe kwamba mkono wake wa kulia umekatwa chini ya kiwiko. Mashine ilimshika tarehe 15 Novemba. Walimtibu hospitali, sasa ameruhusiwa kwenda kwao, lakini kidonda hakijafunga sawasawa. Nikamwambia, kwenu si mbali na hospitali ya misheni anakofanya kazi dada yangu, na dada yangu ana mkono mwepesi kwa vidonda. Tafadhali mwangalie kama ungeniangalia mimi.

Kuhusu ilivyotokea sina mengi ya kusema. Mashine ni mashine.

Utashangaa kwamba naandika Kiswahili wakati wewe na mimi tuna lugha ya mama. Ni kwa ajili ya Barasa. Sipendi mtu abebe barua siku mbili kwenye gari moshi halafu isomwe mbele yake asielewe. Nawe ukinijibu, fanya hivyohivyo.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Mulei


Hospitali ya Misheni,
Njia ya Kakamega.
11 Machi 1956

Mdogo wangu Mulei,

Salamu zako zimefika, na aliyezileta pia. Mimi sijambo. Mbu wamejaribu wakashindwa. Mwambie Mama nimepata kitambaa cha gauni alichotaka, na padre mpe pole ya kidole.

Rafiki yako alifika Jumatano akiwa amebeba sanduku mkono wa kushoto na jogoo kwapani upande wa kulia. Jogoo alikuwa zawadi yangu. Nilipopokea sanduku, jogoo akapata nafasi, akaingia wodi ya wanaume, akapita juu ya vitanda vinne na kumwaga uji wa watu wawili. Sista Magdalene, mkubwa wetu, alitoka ofisini akauliza ni nani aliyeruhusu mnyama hospitalini. Barasa akamjibu kwa heshima kabisa, "Sista, huyu si mnyama, ni mgonjwa. Anaumwa na woga." Sista hakucheka, lakini aliingia ofisini haraka sana na kufunga mlango, na tuliyoyasikia kutoka ndani hayakuwa maombi.

Kidonda kilikuwa kibaya kuliko ulivyoandika. Kulikuwa na usaha kwenye mshono. Nimekisafisha kila siku na sasa nyama imeanza kuwa nyekundu, nzuri. Hapigi kelele. Anaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini, na ninapogusa pabaya anaruka mstari. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwenye slati tuliyoazima shuleni. Herufi zake zinalala kama watu waliochoka.

Sasa nikuulize swali, maana naona wewe umeruka mstari pia. Mimi nimewahi kufunga vidonda vya watu wa viwanda vya sukari. Mashine kama hiyo haikuwa na kifuniko? Nilimuuliza Barasa. Akasema, "Muulize Mulei." Nilipomsomea barua yako, ulipoandika kwamba mashine ni mashine, alicheka, lakini si kile kicheko chake.

Basi nakuuliza.

Dada yako,
Ndinda


Thika, 30 Aprili 1956

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ya masika imeanza kwa nguvu, lori la posta lilikwama kwenye matope siku tatu, na mimi nilikuwa na kazi nyingi. Mama amepokea kitambaa. Anasema ni kizuri lakini maua ni makubwa mno kwa mtu wa umri wake. Amekishona tayari na hakivui.

Nafurahi kwamba kidonda cha Barasa kinaendelea vizuri. Nilicheka habari ya jogoo mpaka watu wa nyumba ya pili wakaja kuuliza.

Nina habari ya kukupendeza. Nimetengeneza kifuniko kipya cha mashine, cha bati nene, chenye pembe za chuma. Nimekitengeneza Jumapili tatu baada ya misa, kwa vyuma vya trela mbovu. Kinafunika mdomo wote wa mashine na kuacha nafasi nyembamba tu ya kupitisha majani. Kina bolti nane. Nilikijaribu kwa shina la mgomba: nililisukuma kila upande, halikufika kwenye visu hata mara moja. Nilijiona mtu mkubwa. Bwana Saa alikuja kutazama. Ni meneja wetu, tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kusema maneno matatu bila kuangalia saa yake. Akasema, "Sawa, lakini kazi isichelewe."

Tulikifunga Jumatatu. Majani yalikuwa yanakwama kwenye ile nafasi kila baada ya muda mfupi, na kufungua bolti nane ili kuyatoa ni kazi ya robo saa. Jumanne watu walilalamika. Jumatano nilipofika asubuhi, kifuniko kilikuwa chini, kimelazwa kando, na watu wanafanya kazi mdomo wa mashine ukiwa wazi kama zamani. Nilipouliza ni nani, kila mtu akatazama paa.

Nimekaa na kufikiri siku nyingi. Sijui nilipokosea. Bati ni zuri. Pembe zimekaa sawa. Nilipima mara mbili.

Swali lako nimelisoma. Nitaandika tena.

Mulei


Hospitali ya Misheni, 3 Juni 1956

Mulei,

Hatujambo huku. Mahindi yamefika magotini. Nimepewa wodi ya watoto niisimamie, basi ukiona karatasi hii ina alama ya vidole vya uji ujue ni kwa nini.

Nilimsomea Barasa habari ya kifuniko chako. Alisikiliza yote, kisha akaniomba nimsomee tena pale penye bolti nane. Akapiga paja lake. "Huyo Mulei ni fundi mzuri sana," akasema, "lakini hajawahi kulisha ile mashine hata siku moja." Akaniambia niandike hivi, na nimeandika kama alivyosema:

"Mtu hatii mkono kwa ujinga. Sote tunajua visu viko pale. Anatia mkono kwa sababu majani yamekwama, na nyuma yake kuna wanaume wanne wamebeba majani mengine, na nyapara anapiga kelele, na Bwana anaangalia saa. Ukimfungia mlango kwa bolti nane, atauvunja mlango. Mpe mlango unaofunguka upesi. Ila ufunguke mashine ikiwa imelala."

Baada ya hapo akachora kitu kwenye slati kwa mkono wa kushoto. Alisema ni mashine. Mimi niliona ng'ombe. Sijaona haja ya kukutumia.

Kidonda kimefunga kabisa tangu wiki ya pili ya Mei. Hana sababu ya kuja hospitali tena. Jana alikuja kutengeneza pampu ya kisima. Juzi alileta ndizi za watoto wa wodi. Wiki iliyopita alikuja kuuliza kama pampu imeharibika, na ilikuwa bado nzima.

Swali langu liko palepale. Kama ni jambo la peke yetu, lugha ya mama unaijua.

Ndinda


Thika, 19 Agosti 1956

Dada mpendwa Ndinda,

Salamu nyingi. Mama mzima. Kimeu amenunua baisikeli na ameanguka nayo mtoni, lakini ni wazima wote wawili.

Mwambie Barasa ana haki. Siku niliyopata barua yenu nilikwenda kwa nyapara nikamwomba anipe nafasi ya kulisha mashine siku moja nzima, mimi mwenyewe. Alidhani nimelewa. Kufikia saa nne mgongo ulikuwa unawaka, na kufikia saa tano majani yalikwama, wale wanne nyuma yangu wakaanza kuguna, na, dada, mkono wangu ulitoka wenyewe kwenda mbele. Mimi ninayezijua zile mashine kuliko mtu yeyote! Niliurudisha, nikautia mfukoni.

Basi nikaanza upya. Sikiliza, ni rahisi. Mkanda unaoendesha mashine unaweza kukaa kwenye magurudumu mawili. Moja linaivuta mashine, la pili linazunguka bure, halivuti kitu. Kuna fimbo ya kuuhamisha mkanda kutoka hapa kwenda pale. Nimeiunganisha ile fimbo na komeo la kifuniko. Mkanda ukiwa unavuta, kifuniko kimebanwa, hata ukija na nyundo. Ukisukuma fimbo, mkanda unahama na kifuniko kinafunguka kwa mkono mmoja. Na kikiwa wazi, fimbo haisogei, kwa hiyo hakuna mtu wa kuwasha mashine mwenzake akiwa ndani.

Nilimwita Bwana Saa aone. Nikasukuma fimbo, nikafungua kifuniko kwa majivuno, nikatia shina la mgomba kuonyesha kwamba ni salama. Nilikuwa nimesahau kwamba gurudumu zito la visu likishapata mwendo huendelea kuzunguka lenyewe kwa muda mrefu hata bila mkanda. Lile shina lililiwa likatemwa vipandevipande, na kipande kimoja kiliondoa kofia ya Bwana Saa kichwani na kuitupa kwenye tangi la maji machafu. Hakuna aliyecheka. Tulicheka siku iliyofuata, alipokuwa Nairobi.

Nikaongeza breki: kipande cha tairi la lori kinachobana gurudumu mara tu ukisukuma fimbo. Sasa linasimama kabla hujahesabu kumi, na komeo haliachii mpaka lisimame. Mpango huu umefanya kazi wiki tano. Hakuna aliyekitoa kifuniko! Majani yakikwama yanatolewa kwa muda mfupi kuliko zamani, na Bwana Saa ameipima kazi kwa saa yake akakubali.

Kuna jambo jingine. Afisa wa kazi kutoka Thika atakuja mwezi ujao kumaliza habari ya ajali ya Barasa. Ofisi ya shamba imeandika kwamba Barasa alifungua kifuniko mwenyewe kwa uzembe. Nitaitwa kama fundi. Niishie hapa, wanafunga mfuko wa posta.

Mulei


Hospitali ya Misheni, 2 Septemba 1956

Mulei mdogo wangu,

Wewe ulizaliwa nikiwa na miaka sita. Nilikubeba mgongoni. Ulipovunja chungu cha nyanya yetu ulimsimulia Mama habari ndefu ya nyuki, walivyokuja, walikotoka na rangi yao, na chungu hukukitaja. Nasoma barua zako zenye magurudumu na makomeo na mikanda, na naona nyuki watupu.

Sikuulizi tena. Nakuambia tu kwamba ninaye mtu hapa ambaye anajua, na kwa muda wote huu hajanieleza, wala hajakusema vibaya. Usimfanye aendelee kubeba.

Na mimi pia nina jambo langu ambalo nataka kukuandikia. Siwezi kuliandika mpaka niwe nimesoma la kwako.

Watoto wa wodi wanakusalimu. Nimewaambia mimi nina ndugu fundi.

Ndinda


Ruiru, 21 Oktoba 1956

Dada yangu Ndinda,

Isome barua hii kwa sauti, polepole, Barasa akiwa ameketi karibu. Nimeiandika Kiswahili makusudi.

Barasa, tarehe 12 Novemba mwaka jana ilikuwa Jumamosi. Mzigo wa kupelekwa stesheni ulikuwa umechelewa. Bwana Saa alinijia kiwandani akasema kile kifuniko cha zamani kinachelewesha kazi, nikitoe, nitakirudisha mzigo ukiisha. Sikumbishia. Nilichukua spana yangu, nikafungua nati moja baada ya nyingine, nikakibeba mpaka nyuma ya stoo na kukifunika magunia. Jumatatu mzigo uliisha. Hakuna aliyenizuia kukirudisha. Nilisema nitakirudisha saa ya chakula, na saa ya chakula ilipofika nikaenda kula. Nilikula maharagwe, nakumbuka. Nikasema, basi kesho. Hiyo kesho ndiyo Jumanne.

Nilikusikia ukiimba halafu nikasikia umenyamaza.

Ulipokuwa hospitali nilikuletea machungwa, nikakaa, tukazungumza habari za mpira. Kila nilipotaka kusema, nilizungumza mpira. Nikakupa barua uipeleke mpaka Nyanza, na ndani yake nikaandika kwamba mashine ni mashine. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika.

Afisa wa kazi alikuja tarehe 25 Septemba. Tulikuwa ofisini, Bwana Saa ameketi kando.

"Wewe ndiye fundi?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bwana."

"Hapa imeandikwa mfanyakazi alifungua kifuniko mwenyewe. Ulimwona?"

Bwana Saa aliangalia saa. Nikasema, "Hapana, Bwana. Nilikifungua mimi, siku tatu kabla. Niliambiwa nikitoe. Kukirudisha nilichelewa mwenyewe."

"Una ushahidi gani?"

"Kiko nyuma ya stoo."

Tukaenda wote watatu. Kilikuwa palepale chini ya magunia, majani yameota kwenye matundu ya bolti. Afisa alichuchumaa akakiangalia muda mrefu. Kisha akauliza kile kipya kilichoko kwenye mashine kimetengenezwa na nani, akakifungua na kukifunga mara nyingi kama mtu aliyepewa saa ya kuchezea. Neno uzembe amelifuta kwenye karatasi, mbele yangu, na kuandika kwamba mashine ilikuwa wazi kwa amri. Barasa, jina lako ni safi.

Jioni ileile niliachishwa kazi. Nilitembea mpaka Ruiru na sanduku langu la vyuma kichwani. Hapa kuna shamba la kahawa, na mzee Gichuru, msimamizi wa mashine za kumenya kahawa, alikuwa anatafuta fundi. Aliniuliza kwa nini nimefukuzwa. Nikamwambia yote. Akasema, "Basi lala hapa, kesho tuangalie mkanda wa mashine namba mbili, unaniogopesha tangu mwaka jana."

Sikuombi uniambie yamekwisha, Barasa. Nilitaka usikie kutoka kwangu.

Mulei


Hospitali ya Misheni, 11 Novemba 1956

Mulei,

Nimesoma kama ulivyotaka. Tulikaa kwenye benchi nje ya duka la dawa, Jumamosi, saa ya watoto kulala mchana.

Barasa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rudia pale penye maharagwe." Nikarudia. Akainuka, akachukua jembe la bustani, akaenda kulima viazi vya Sista Magdalene kwa mkono mmoja, matuta mawili mazima, na viazi vyenyewe vilikuwa bado vichanga. Sista alitazama dirishani akaniita. "Kuna nini?" Nikamwambia, "Amepata barua." Akasema, "Basi mwache alime."

Aliporudi alikuwa ametoka jasho. Alisema, "Nilimwona, Ndinda. Ile Jumamosi. Nilikuwa napita na karai la maji, nikamwona anabeba kile kifuniko kwenda nyuma ya stoo. Nilimkasirikia miezi mitatu kitandani. Kila alipokuja na machungwa nilikuwa nangoja aseme. Nilikubali kubeba barua yake nikidhani ameandika humo."

Nikamuuliza, "Na sasa?"

"Sasa amesema. Na amesema mbele ya Bwana Saa. Mimi nisingeweza." Halafu akaongeza, "Bado nitamkasirikia siku moja moja, wakati wa kufunga viatu. Mwambie hivyo, asije akashangaa."

Nimekuambia.

Sasa ni zamu yangu. Mwisho wa mwezi wa Mei, siku ile ya pampu ambayo haikuwa imeharibika, Barasa aliniuliza kama naweza kuwa mke wake. Nilimwambia sitajibu. Si kwa sababu ya mkono, wala si kwa sababu watu wa kwetu na wa kwao hawaoani. Nilijua kati ya mume huyo na ndugu yangu kuna kitu kimefunikwa magunia, na sikutaka kupika chakula kwenye nyumba yenye kitu kama hicho. Alikubali kungoja. Alitengeneza pampu ile mara tisa.

Jana nilimjibu. Nilisema ndiyo.

Watu wake watakuja Matungulu mwezi wa Januari. Tafadhali mwandae Mama. Mwambie polepole, akiwa ameketi, na asiwe ameshika kitu cha kuvunjika.

Anataka kuandika mstari. Karatasi nampa.

Ndinda

MULEI. NAANDIKA MWENYEWE. SHOTO SI MBAYA. KWA MASHINE ZA KAHAWA FUNGA KAMBA NDEFU JUU YA MKANDA ILI MTU YEYOTE AVUTE KUTOKA POPOTE MASHINE ISIMAME. MIMI SIKUWEZA KUFIKIA FIMBO. BARASA


Ruiru, 16 Desemba 1956

Dada yangu mpendwa Ndinda,

Nimefika Matungulu na kurudi, na Mama amejua. Nilimketisha kama ulivyosema, nikamwambia polepole. Akauliza, "Huyo mtu anasali?" Nikasema anasali. "Ana mashamba?" Nikasema kwao mahindi hayakosi. Akafikiri. "Na huo mkono?" Hapo nikamweleza yote, dada, kifuniko na maharagwe na kila kitu. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Halafu akasema, "Basi mbuzi mweupe achinjwe siku watakapokuja. Na wewe utamchinja, na utamchuna, na utachota maji, na hutaketi siku hiyo mpaka huyo mgeni ashibe." Tangu siku hiyo anawaambia majirani kwamba binti yake anaolewa na mtu anayetengeneza pampu.

Habari nyingine ni hii. Afisa wa kazi alinitafuta mpaka hapa Ruiru. Wenye mashamba fulani wamemwuliza juu ya kile kifuniko cha mkonge, na kuanzia mwaka mpya anataka niwe nazunguka kwenye mashamba ya Ruiru, Thika na Makuyu, nikiangalia mikanda na visu na kuwafundisha mafundi kutengeneza vifuniko ambavyo watu hawatavitoa. Nitakuwa na baisikeli ya ofisi. Nilimwambia nitakubali kwa sharti moja: kila shamba nitakaloingia, kwanza nilishe mashine mwenyewe siku nzima. Alidhani ni mzaha, kisha akaliandika.

Sasa nikusimulie ya Alhamisi, nawe umsomee Barasa.

Mavuno ya kahawa yamepamba moto. Tangu alfajiri malori yanamwaga matunda mekundu na wanawake wanayasukuma kwenye mashine kwa majembe ya mbao. Hawa wanawake hutoka kile kijiji ambamo serikali imewakusanya kwa ajili ya Hali ya Hatari, chenye handaki na geti, na lazima warudi kabla ya geti kufungwa, kwa hiyo wanafanya kazi mbio. Mmoja wao anaitwa Wakonyo, ana sauti ya kuita watu kutoka Juja. Kamba ya Barasa niliifunga wiki mbili zilizopita juu ya mikanda yote, kutoka mlangoni mpaka kwenye matangi, na siku ya kwanza Wakonyo alianika juu yake nguo za mtoto. Tulibishana sana. Gichuru alisema niache, kamba itazoeleka.

Alhamisi, saa nne hivi, nilikuwa nje natia grisi kwenye trela. Nikasikia Wakonyo akipiga ukelele, kisha nikasikia mashine namba mbili ikifa. Si kupunguza mwendo, kufa kabisa. Niliangusha kopo la grisi. Kutoka trela mpaka mlangoni ni hatua thelathini, na katika hizo hatua nilirudi Thika mara thelathini.

Nilipoingia, Wakonyo alikuwa amesimama kando ya mkanda, mikono yote miwili kiunoni. Leso aliyojifunga ilikuwa imeshikwa kwenye gurudumu, imezungushwa mara mbili, imechanika vipande viwili. Mwenzake aliyekuwa mbali kule mwisho ndiye aliyevuta kamba. Nikamuuliza, "Umeumia?"

"Kuumia!" akasema. "Wewe fundi, tazama leso yangu! Nimeivaa mara tatu tu!"

"Wakonyo, ungevutwa wewe."

"Sikuvutwa! Iliyovutwa ni leso! Aai, na maua yake haya, nitapata wapi nyingine ya maua kama haya?"

Nikaketi juu ya gunia. Nilianza kucheka na machozi yakatoka pamoja, sikuweza kuyatenga. Wanawake wakanitazama, mmoja akaanza kucheka, halafu wote, na mwisho Wakonyo mwenyewe. Lakini hakunisamehe. Akanitupia mapajani kipande kilichobaki kwake na kusema, mwenye mashine ndiye mwenye kushona.

Basi, dada, nikatoa kipande cha pili kwenye gurudumu, tukawasha mashine, na saa ya chakula nikakaa kizingitini na sindano ya magunia na uzi wa katani nikishona, huku wanawake thelathini wakinikosoa kila tundu. Mshono umekaa kama njia ya siafu. Saa kumi na moja Wakonyo aliifunga kiunoni, akabeba mtoto, akaenda zake getini na wenzake, anasimulia kwa ile sauti yake na kuonyesha kwa mikono yote miwili jinsi fundi anavyoshona vibaya. Nilisimama nikamtazama mpaka wakapinda kwenye kona ya miti. Katika kitabu cha kiwanda, mahali pa kuandika mambo ya siku hiyo, Gichuru ameandika: hakuna.

Njooni salama Januari. Nitakuwa stesheni ya Thika na baisikeli ya ofisi, mizigo nitabeba mimi. Msalimu sana shemeji yangu.

Mulei